Nani Anailinda Mbegu Isiyo na Risiti?

Viongozi wetu wanapozungumzia mbegu, huzungumzia mfuko. Mfuko una nembo ya kampuni, una lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na siasa zikipamba moto unapata na ruzuku. Mbegu nyingine yote haimo katika hotuba: ile iliyotundikwa darini ipate moshi wa jikoni, ile iliyopimwa kwa kopo gulioni, ile aliyoiomba jirani kwa ahadi ya kurudisha debe kwa debe baada ya mavuno. Mbegu hiyo haina lebo wala risiti, na kwa sababu hiyo haina mtetezi. Hoja yangu ni kwamba mbegu hiyo ndiyo inayowalisha wengi wetu, kwamba inaugua, kwamba sayansi ya kuikinga bila sumu ipo, na kwamba kinachoizuia sayansi hiyo isimfikie mkulima ni uamuzi wa kisiasa ambao hakuna mtu aliyewahi kuutangaza hadharani.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha uchambuzi wa taarifa za wakulima wadogo kutoka nchi tano za Afrika, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwamo, pamoja na Haiti. Waligundua kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu za wakulima hao zilitoka nje ya mfumo rasmi, na kwamba asilimia 51 zilipatikana katika masoko ya kawaida ya mahali pao. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo, lakini yeyote aliyewahi kusimama katika gulio la maharage Kagera, Kigoma au Mbeya msimu wa kupanda ataitambua picha hiyo. Mama ananunua kilo mbili za maharage. Moja ataitia chunguni, nyingine ataitia ardhini. Muuzaji hamuulizi ipi ni ya kazi gani.

Hapo ndipo ugonjwa unapopata usafiri wa bure. Magonjwa kadhaa makubwa ya maharage husafiri ndani ya punje au juu ya ganda lake: chule, madoa pembe, na ule ugonjwa wa kuungua majani unaoletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Punje yaweza kuonekana safi machoni na bado ikabeba vimelea. Ikiota, mche unazaliwa mgonjwa. Mvua ikinyesha, matone yanavirusha vimelea kutoka mche mmoja hadi mwingine. Mkulima akivuna na kutunza mbegu, anautunza pamoja nayo ugonjwa wa mwakani. Tunapolalamika kwamba maharage yetu yanazaa chini ya uwezo wake, tunailaumu mvua, tunailaumu mbolea, tunamlaumu mkulima mwenyewe. Punje hatuiulizi.

Kwa muda mrefu dunia imelijibu tatizo hili kwa sumu, na historia ya sumu hiyo ingefaa kusomwa na kila ofisa anayesaini kibali cha pembejeo. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, nafaka za kupanda zilipakwa dawa zenye zebaki. Kuvu waliuawa vizuri. Huko Sweden, ambako dawa hizo zilienea tangu miaka ya 1940, ndege wanaookota nafaka walianza kufa mashambani, wakafuatiwa na ndege mbuai waliowala hao wa kwanza. Mwaka 1966 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika mbegu ile aina ya zebaki iliyokuwa hatari kuliko nyingine. Miaka mitano baadaye, Iraki iliagiza maelfu ya tani za ngano na shayiri ya kupanda iliyopakwa zebaki ya aina hiyohiyo. Sehemu ya shehena iliwafikia wakulima wakiwa wameshamaliza kupanda. Magunia yalibeba maonyo kwa lugha ambazo hawakuzisoma. Punje zilikuwa zimetiwa rangi nyekundu ili mtu ajue kwamba si chakula. Watu wakaziosha, rangi ikatoka, wakaamini kwamba na sumu imetoka. Waliolazwa hospitalini katika maafa hayo ya 1971 na 1972 walikuwa 6,530, na 459 kati yao walifia humo.

Ninaikumbuka Iraki kwa sababu mazingira yake ninayatambua: uhaba wa chakula, mbegu iliyochelewa, onyo la lugha ya kigeni, na rangi inayodhaniwa kuwa ndiyo sumu. Dawa za mbegu za leo si zebaki, na anayezitia zote katika kapu moja anapotosha. Hata hivyo hazijaacha kuzua maswali. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuidhinisha thiramu, dawa ya kuvu iliyopakwa kwenye mbegu duniani kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka huohuo, kwa hofu ya nyuki kuangamia, ukazuia matumizi ya mashambani ya dawa tatu za wadudu za jamii ya neonikotinoidi, ambazo nazo hupakwa kwenye mbegu. Swali ninalowaachia watumishi wa umma wanaonisoma ni jepesi. Mama anayechambua mbegu yenye rangi kwa mikono mitupu, mtoto akiwa mgongoni: ni nani aliyemweleza, kwa Kiswahili, kwamba ameshika nini?

Ipo njia nyingine. Katika udongo unaozunguka mizizi ya mimea wanaishi bakteria wengi, na baadhi yao ni mahasimu wa asili wa vimelea. Wakitolewa humo, wakazalishwa kwa wingi maabara, kisha wakapakwa juu ya mbegu kabla ya kupandwa, wanakuwa wenyeji wa kwanza wa mche. Wanakila chakula ambacho kimelea angekila. Wanainyakua chuma ndogo iliyomo udongoni, madini ambayo kimelea hawezi kukua bila hayo. Wengine hutoa viuavijasumu vyao wenyewe, na wengine huuamsha mmea uanze kujikinga kabla adui hajapiga hodi. Mkulima hana haja ya kuyajua majina yao ya Kilatini, kama ambavyo hana haja ya kulijua jina la Kilatini la hamira.

Si ndoto hii. Turudi Sweden, nchi ileile ya ndege waliokufa. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha nchi hiyo, mjini Uppsala, watafiti Margareta Hökeberg, Berndt Gerhardson na Lennart Johnsson waliwajaribu bakteria wengi katika kitalu nyumba, wakiwapaka moja kwa moja juu ya nafaka yenye ugonjwa. Mmoja, wa spishi ya Pseudomonas chlororaphis, aliyepewa namba MA 342, aliwashinda wenzake. Akapelekwa mashambani, akapimwa kwa misimu kadhaa katika maeneo tofauti, na mwaka 1997 akaingia sokoni kwa jina la Cedomon, dawa ya kupaka shayiri. Dawa hiyo hatimaye ikawa mikononi mwa Lantmännen, ambao ni ushirika wa wakulima. Kutoka marufuku ya 1966 hadi bakteria wa 1997 ni miaka 31, umri wa kizazi kimoja.

Ninawaomba wanafunzi wangu wasiipite haraka habari hii, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, utafiti ulifanywa katika chuo cha umma, na bidhaa ikaishia kwa wakulima waliojiunga. Pili, watafiti hawakuficha mipaka ya bakteria wao. Aliyaweza magonjwa mengi yanayokaa juu ya punje au karibu na ganda, lakini fugwe ile inayojificha ndani kabisa ya kiini cha mbegu hakuifikia. Sayansi iliyoungama mipaka yake ndiyo iliyopata imani ya mkulima.

Sasa turudi nyumbani. Tusidanganyane kwamba kupaka mbegu bakteria ni jambo geni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiliwahi kutengeneza Nitrosua, bakteria wa kuchanganya na mbegu za soya ili mmea ujipatie naitrojeni kutoka hewani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix kwa kazi hiyohiyo, na baadaye uzalishaji wake ukachukuliwa na kampuni ya mbolea ya MEA. Hao ni bakteria wa kulisha mmea, si wa kuukinga dhidi ya magonjwa, lakini ujuzi unaotakiwa unafanana: kumtambua bakteria anayefaa, kumzalisha akiwa safi, kumfungasha akiwa hai, na kumfikisha shambani kabla hajafa. Ujuzi huo umekuwapo Morogoro na Nairobi tangu zamani.

Kwa nini basi mkulima wa maharage hana bakteria wa kuikinga mbegu yake? Mimi ninafundisha sera za umma, lakini kazi imenikalisha mara kadhaa katika majopo ya kusikiliza tasnifu za uzamili za fani nyingine. Nimemsikiliza kijana akionyesha, kwa picha na takwimu, bakteria aliowatoa katika udongo wa mkoa wake mwenyewe wakiuzuia ugonjwa wa mbegu katika vyungu vya kitalu. Jopo lilimsifu, likamsahihisha nukta na mikato, likampa alama ya juu. Nilipouliza bakteria wenyewe wako wapi sasa, ilikuja kueleweka kwamba walikuwa katika jokofu la mradi, na mradi ulikuwa umekwisha. Tasnifu ilijalidiwa ikawekwa maktaba. Bakteria, kwa kuwa ni viumbe hai, hawakungoja.

Huo ndio uamuzi wa kisiasa usiotangazwa niliousema mwanzo. Hakuna waziri aliyesimama bungeni akasema kwamba mbegu ya gulioni iachwe iugue. Limesemwa kwa ukimya wa bajeti. Kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kutoiwekea mtaji mbegu ambayo haiuzi. Mkulima anayepanda maharage yaliyotoka debeni kwake si mteja wake. Mradi wa wafadhili hauwezi kuwatunza bakteria kwa miaka 20, kwa sababu maisha ya mradi ni miaka mitatu au mitano. Anayebaki ni umma, na umma, katika suala hili, haujaonekana kazini.

Pengo hilo halikubaki tupu. Limejazwa na wauzaji wa chupa. Kila mwenye duka la pembejeo anazijua: maji ya rangi ya kahawia, picha ya shamba la kijani, na ahadi ya kutibu kila kitu kuanzia mnyauko hadi umaskini. Watafiti waliwahi kuzipima maabara bidhaa 65 za namna hii, za bakteria wa kupaka mbegu na za kurutubisha udongo. Bidhaa zilizoweza kuitwa safi hazikufika asilimia 37. Zilizobaki zilikuwa na bakteria wasiotajwa katika lebo, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na hata mmoja wa wale waliotajwa. Mkulima akidanganywa mara moja na chupa ya namna hiyo, atamkataa hata bakteria wa kweli atakapoletewa. Na atakuwa na haki.

Kwa sababu hiyo ninagombana pia na wenzangu wa harakati za kilimo hai, ambao kwa mengine tuko upande mmoja. Neno "asili" si cheti cha usalama. Mimea yenye sumu ni ya asili, na bakteria wanaoleta kipindupindu ni wa asili. Hata MA 342 wa Sweden, wakaguzi wa Ulaya walipomrudia miaka mingi baada ya kuidhinishwa, walihoji kwa uzito kuhusu kemikali anazozitoa yeye mwenyewe. Walifanya sawasawa kuhoji. Kiumbe unayemmwaga katika maelfu ya hekta lazima ajulikane: ni nani, anatoa nini, anamdhuru nani, na akishamaliza kazi anabaki wapi. Mwanaharakati anayepinga ukaguzi wa namna hii kwa sababu bidhaa ni ya "kiasili" anamfanyia kazi muuza chupa bila kulipwa.

Wapo watakaonijibu kwamba bakteria hawatabiriki: hapa wamefaulu, kule wameshindwa. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya kuwapima katika udongo wetu kuliko kuagiza wa wenzetu. Pseudomonas hawatengenezi mbegumbegu za kujihifadhi, hivyo huhitaji ubaridi. Katika duka la bati Tabora au Dodoma hawatadumu. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus hujifunga ndani ya ganda gumu na kustahimili joto na ukavu. Bacillus subtilis alikuwa akipakwa kwenye mbegu za pamba nchini Marekani tangu miaka ya 1990. Nchi yenye akili ingeanza na joto la duka lake, kisha ikatafuta bakteria anayelivumilia.

Wengine watasema kwamba bakteria hawatibu kila ugonjwa wa mbegu. Nakubali. Ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, huletwa na virusi, na sina bakteria wa kuupendekeza. Mbegu safi, aina zenye ukinzani, kilimo cha mzunguko na kuchambua punje kwa mkono vitabaki kuwa msingi. Dawa ya kemikali nayo itakuwa na nafasi yake palipo na dharura na palipo na mtu aliyefunzwa kuitumia. Ninachodai ni kwamba mkulima asiyenunua mfuko naye awe na chaguo. Leo chaguo lake ni mbili: sumu asiyoielewa, au kutofanya lolote.

Watakaosema "tuiachie sekta binafsi" nimeshawajibu. Nawaongezea tu kwamba hata ile sekta binafsi wanayoisifu ya Ulaya, katika habari hii, ilipokea mkononi kitu kilichokwisha kuvumbuliwa kwa fedha za umma.

Nini kifanyike? Nina madai manne, na hakuna hata moja linalohitaji kuunda taasisi mpya.

La kwanza, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na Chuo Kikuu cha Sokoine wapewe fedha za kudumu, zilizotajwa katika bajeti kwa jina lake, za kutunza hazina ya umma ya bakteria wa udongo wetu, yenye jokofu, jenereta na mtu wa kuwajibika. Kila mwanafunzi anayewatoa bakteria wenye manufaa kwa fedha za umma awakabidhi huko kabla ya kutunukiwa shahada.

La pili, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ihakikishe kila bidhaa ya bakteria iliyoko sokoni inapimwa kwa kuokotwa dukani, si kwa sampuli iliyoletwa na mwenye mali, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili: jina la bakteria, idadi ya walio hai, tarehe ya mwisho. Chupa iliyojaa wafu iitwe kwa jina lake, yaani wizi.

La tatu, kazi ianze na mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo wakulima wenyewe huzizalisha vijijini chini ya ukaguzi na kuwauzia majirani. Vikundi hivyo vipo, TOSCI inavifahamu, na mbegu yao husafiri njia fupi. Bakteria wakipakwa kijijini wiki ya kupanda, hawatahitaji kukaa rafuni mwaka mzima. Ushirika, ambao tumeuzoea kama mnunuzi wa korosho na kahawa, ungepata hapo kazi ya heshima.

La nne, kila msimu zichukuliwe sampuli za maharage kutoka katika magulio, zipimwe maabara, na taarifa itolewe hadharani: mkoa gani mbegu yake imebeba ugonjwa gani. Serikali inayotangaza bei ya mahindi inaweza kutangaza na afya ya maharage.

Wanafunzi wangu, hasa ninyi wa sayansi mnaodhani siasa ni ya watu wa fani yangu: tasnifu yako ikiisha maktaba, siasa ndiyo iliyoipeleka huko. Muulize msimamizi wako, kabla hujaanza maabara, bakteria wako watalala wapi siku baada ya mahafali. Na ninyi watumishi wa umma mnaoandaa makadirio ya bajeti ijayo, tafuteni humo neno "gulio". Msipoliona, mtajua ni mbegu za nani ambazo nchi imeamua kuzisahau.